Somalia ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya msomaji wa kawaida, awe mfanyabiashara wa Garissa, mwanafunzi wa Dodoma au Msomali anayeishi Nairobi, ambaye amesikia kwamba Somalia imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki na angependa kujua jambo hilo linabadilisha nini na haligusi nini. Maswali yamepangwa kuanzia yale ya msingi, kisha yanafuata yale yanayozua ubishi.

Je, Somalia ni mwanachama kamili au bado ni mwombaji?

Ni mwanachama kamili. Wakuu wa nchi waliikubali katika mkutano wao wa kawaida wa 23 uliofanyika Arusha tarehe 24 Novemba 2023. Mkataba wa kujiunga ulitiwa saini Ikulu ya Entebbe, Uganda, tarehe 15 Desemba 2023, na Rais Hassan Sheikh Mohamud pamoja na Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini, aliyekuwa mwenyekiti wa Jumuiya wakati huo. Baada ya Bunge la Somalia kuuridhia, hati za kuridhia zilikabidhiwa kwa Katibu Mkuu mjini Arusha tarehe 4 Machi 2024, na kuanzia hapo Somalia ikahesabiwa kuwa nchi ya nane, pamoja na Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya, Rwanda, Sudan Kusini, Tanzania na Uganda.

Hata hivyo, uanachama wa kisheria na utekelezaji wa itifaki, yaani makubaliano ya kina yaliyo chini ya Mkataba, ni mambo mawili tofauti, na sehemu kubwa ya mkanganyiko unaoonekana katika mijadala inatokana na kuyachanganya. Nchi inaweza kuwa na kiti, bendera na haki ya kuzungumza Arusha, yaliko makao makuu ya Jumuiya, huku mizigo yake mpakani ikiendelea kutozwa ushuru kama mizigo ya nchi ya kigeni.

Kwa nini ombi lilichukua zaidi ya miaka 11?

Ombi la kwanza liliwasilishwa mwanzoni mwa 2012, wakati Somalia ikiongozwa na serikali ya mpito ya Sheikh Sharif Sheikh Ahmed, kabla hata serikali ya shirikisho haijaundwa mwezi Agosti mwaka huo. Mji mkuu, Mogadishu, ulikuwa umeponyoka mikononi mwa wapiganaji wa Al-Shabaab miezi michache tu kabla yake. Kwa hali hiyo, nchi wanachama hazikuona jinsi ya kuipeleka timu ya uhakiki, sembuse kuanza mazungumzo, na ombi likabaki likiahirishwa kutoka mkutano mmoja hadi mwingine.

Wakati huo Jumuiya yenyewe ilikuwa inabadilika. Sudan Kusini, iliyoomba mwaka 2011, ilikubaliwa tarehe 2 Machi 2016 ikiwa bado inatoka vitani. Kongo, iliyoomba mwaka 2019, ilikubaliwa tarehe 29 Machi 2022 ingawa sehemu za mashariki mwake zilikuwa chini ya makundi yenye silaha. Baada ya hapo hoja ya kwamba nchi isiyodhibiti ardhi yake yote haiwezi kuingia ilikuwa imekwisha nguvu, kwa kuwa tayari nchi mbili za namna hiyo zilikuwa mezani. Hassan Sheikh Mohamud, aliyerudi madarakani Mei 2022, alilifahamu hilo; miezi miwili baadaye alikuwa Arusha akilipigania ombi la nchi yake mbele ya wenzake. Timu ya uhakiki ilikwenda Somalia mwishoni mwa Januari 2023, mazungumzo yakafanyika Nairobi mwezi Agosti, na kabla mwaka haujaisha jambo likawa limekamilika.

Kwa maoni ya mwandishi, kilichobadilika zaidi kati ya 2012 na 2023 ni kipimo kilichotumiwa na Arusha, ingawa si haki kusema kwamba Somalia yenyewe ilikaa palepale.

Mkataba unadai nini kwa nchi inayoomba, na je, Somalia iliyatimiza?

Ibara ya 3 ya Mkataba wa Kuanzisha Jumuiya, uliotiwa saini tarehe 30 Novemba 1999, inataja mambo sita yanayozingatiwa. Nchi inapaswa kuikubali Jumuiya kama ilivyoelezwa katika Mkataba. Kuzingatia utawala bora, demokrasia, utawala wa sheria na haki za binadamu. Kuwa na uwezo wa kuchangia katika kuimarisha mtangamano. Kuwa jirani na kuwa na mahusiano ya kutegemeana na nchi wanachama. Kuwa na uchumi unaoendeshwa na soko. Na kuwa na sera za kijamii na kiuchumi zinazolingana na zile za Jumuiya.

Suala la ujirani halikuwa na utata, kwa kuwa Somalia inapakana na Kenya. Sudan, iliyoomba mwaka 2011, ilikwama kwa sababu, miongoni mwa mengine, baada ya Sudan Kusini kujitenga haikuwa tena na mpaka na mwanachama yeyote wa wakati huo. Uchumi wa soko nao haukuwa na ubishi: tangu serikali ya Siad Barre ianguke Januari 1991, Wasomali wamejenga kampuni za simu, za kutuma fedha na za usafirishaji bila msaada wa serikali, mara nyingine bila serikali yenyewe. Kigezo kigumu kilikuwa cha utawala na demokrasia. Hadi inakubaliwa, Somalia ilikuwa haijafanya uchaguzi mkuu wa kitaifa wa mtu mmoja kura moja tangu 1969. Wabunge wamekuwa wakichaguliwa na wajumbe wanaoteuliwa kwa misingi ya koo. Lakini Ibara ya 3 inasema mambo hayo “yanazingatiwa”; haisemi kila moja lazima litimizwe kikamilifu, na maamuzi ya wakuu wa nchi hufikiwa kwa maafikiano. Mlango huo mpana ndio uliotumika.

Somalia inanufaika na nini?

Faida ya kwanza ni ya hadhi na wakati. Desemba 2023 ulikuwa mwezi wa pekee kwa Mogadishu: tarehe 1 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliondoa vikwazo vya silaha vilivyodumu tangu 1992, tarehe 13 nchi ikafikia hatua ya mwisho ya mpango wa kusamehewa madeni wenye thamani ya dola bilioni 4.5, na siku mbili baadaye ukaja mkataba wa Entebbe. Serikali ilitaka kuonyesha kwamba Somalia imerudi kwenye meza ya mataifa, na kwa hilo ilifanikiwa.

Faida ya kiuchumi itachelewa zaidi. Somalia inauza hasa mifugo hai kwenda Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba, mauzo yakipanda sana kabla ya msimu wa Hija. Inauza pia ubani na samaki. Masoko hayo yako ng'ambo ya bahari, si Kampala wala Bujumbura. Ng'ombe wanaovuka kwenda mnada wa Garissa ni wengi, lakini biashara hiyo ilikuwapo kabla ya Jumuiya na huendeshwa kwa kufahamiana na kuaminiana zaidi kuliko kwa makaratasi. Upande wenye matumaini zaidi ni huduma: benki, simu, usafirishaji na mitaji ya Wasomali ambayo tayari imeijenga Eastleigh jijini Nairobi, na ambayo ingependa kufungua matawi Kampala au Dar es Salaam bila kuanza upya na leseni kila mara.

Kwa nchi nyingine, Somalia inaleta pwani yenye urefu wa zaidi ya kilomita 3,000, iliyo ndefu kuliko ya nchi yoyote ya Afrika bara, bahari yenye samaki jodari, na soko la watumiaji ambao karibu kila kitu wanakinunua kutoka nje.

Kwa nini Umoja wa Forodha unatajwa kuwa kikwazo kikubwa kuliko vyote?

Kwa sababu hapa ndipo Jumuiya inapogusa mfuko wa serikali na sahani ya mwananchi kwa wakati mmoja.

Umoja wa Forodha, ulioanza mwaka 2005, unataka nchi zote zitoze ushuru unaofanana kwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya. Viwango vikuu ni asilimia 0 kwa malighafi na mitambo, asilimia 10 kwa bidhaa zilizosindikwa nusu, asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika, na tangu Julai 2022 kiwango cha nne cha asilimia 35 kwa bidhaa zinazoweza kuzalishwa kwa wingi ndani ya ukanda. Juu ya hivyo kuna orodha ya bidhaa nyeti ambazo hutozwa zaidi: mchele umewekewa asilimia 75 na sukari asilimia 100, ingawa kila mwaka wa fedha nchi huomba ruhusa ya kutoza pungufu kwa muda.

Mtazame mama wa nyumbani wa Mogadishu. Chakula cha mchana ni wali au tambi, na mchele wenyewe umetoka India au Pakistani ukapitia bandarini kwa ushuru mdogo sana. Somalia haina wakulima wa mpunga wa kutosha kulinda. Kuupandisha ushuru wa mchele hadi kiwango cha Jumuiya maana yake ni kumtoza mlaji wa Mogadishu ili kumlinda mkulima wa Mbeya au Mwea, jambo ambalo hakuna serikali ya Somalia itakayolifanya haraka, na huenda isifae kulifanya haraka.

Sukari nayo ina hadithi yake. Kwa miaka mingi sukari ya kigeni imekuwa ikishushwa Kismayu, ikapakiwa kwenye malori, ikapita mji wa mpakani wa Dhobley na kuingia kaskazini mashariki mwa Kenya kwa magendo, kwa sababu tofauti ya ushuru kati ya pande mbili ni kubwa mno kiasi cha kulipia hatari ya safari. Kwa nadharia, Umoja wa Forodha ungeua biashara hiyo, kwa kuwa sukari ingetozwa sawa Kismayu na Mombasa. Lakini ikiwa mpaka utafunguliwa kabla ushuru haujalinganishwa, magendo yale yale yatapata njia pana zaidi. Ndiyo maana mpangilio wa hatua ni muhimu kuliko kasi yake.

Tatizo la tatu halizungumzwi vya kutosha. Somalia yenyewe haina eneo moja la forodha. Serikali ya shirikisho inakusanya mapato yake mengi katika bandari na uwanja wa ndege wa Mogadishu. Mapato ya bandari ya Bosaso yanakusanywa na jimbo la Puntland, na ya Kismayu yanakusanywa na jimbo la Jubaland, kila moja kwa viwango vyake. Uhusiano ukaharibika zaidi mwaka 2024: Puntland ilitangaza mwezi Machi kwamba haiitambui tena serikali ya shirikisho kutokana na mabadiliko ya katiba, na Jubaland ikavunja mahusiano mwezi Novemba. Arusha inaweza kuandika kiwango chochote cha ushuru. Ofisa atakayekitumia Bosaso haajiriwi na Mogadishu. Kabla ya kuuliza lini Somalia itaungana na forodha ya Afrika Mashariki, inafaa kuuliza lini forodha ya Somalia itaungana na yenyewe.

Mimi ni mfanyabiashara mdogo wa mpakani. Nini kimebadilika kwangu?

Bado ni kidogo. Jumuiya ina utaratibu wa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, unaomwezesha mchuuzi kuvusha bidhaa zilizozalishwa ndani ya ukanda bila ushuru wa forodha na bila kupitia kwa wakala. Utaratibu huo unafanya kazi pale tu penye kituo rasmi cha mpakani chenye maofisa wa pande mbili. Kenya na Somalia zilikubaliana Mei 2023 kuvifungua tena vituo vya mpakani vilivyofungwa kwa zaidi ya miaka 10, lakini mashambulizi ya wiki zilizofuata yaliifanya Kenya iahirishe mpango huo mwezi Julai. Mfanyabiashara wa Mandera anayevuka kwenda Bula Hawa anapaswa kufuata hali ilivyo siku hiyo. Uanachama wa Somalia peke yake haumpi haki ya kuvuka mpaka uliofungwa kwa sababu za usalama.

Na miraa?

Swali hili hutoka zaidi Meru, na kwa haki. Miraa ya Igembe na Tigania huchumwa alfajiri, hufungwa vibunda na kufunikwa kwa majani ya migomba ili isinyauke, kisha pikapu hukimbia nayo hadi Nairobi kwa mwendo unaowatia hofu madereva wengine wote wa barabara hiyo. Ikichelewa siku mbili haina mnunuzi. Bidhaa ya namna hiyo haiwezi kusubiri barua za mabalozi: Somalia ilipozuia ndege za miraa Machi 2020, mwanzoni kwa sababu ya Korona na baadaye ikiambatana na mgogoro wa kidiplomasia na Kenya, wakulima walikosa soko lao kubwa hadi Julai 2022.

Kinadharia, mwanachama wa Jumuiya hawezi kuizuia bidhaa halali ya mwenzake kwa sababu za kisiasa tu, na mfanyabiashara aliyeumia anaweza kulalamika kupitia utaratibu wa kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha au kwenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Hata hivyo miraa ni mfano mbaya wa kuujaribu utaratibu huo, kwa sababu nchi wanachama hazikubaliani hata juu ya uhalali wake. Nchini Kenya ni zao linalotambuliwa na sheria. Nchini Tanzania, inakojulikana zaidi kwa jina la mirungi, kukutwa nayo ni kosa la dawa za kulevya.

Je, Msomali anaweza sasa kuingia nchi yoyote ya Jumuiya bila viza, na sisi kwenda kwao vivyo hivyo?

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inatoa haki ya watu kusafiri bila viza ndani ya Jumuiya, lakini inaruhusu nchi kuweka vizuizi kwa sababu za usalama wa taifa, afya na utulivu wa umma. Vizuizi hivyo ndivyo vilivyotumika. Baraza la mawaziri la Kenya lilipotangaza Januari 2025 kwamba raia wa karibu nchi zote za Afrika wataingia bila kibali cha usafiri cha kielektroniki, liliziacha nje nchi mbili: Libya na Somalia. Yaani raia wa Namibia anaingia Nairobi kwa wepesi kuliko raia wa nchi mwanachama inayopakana na Kenya.

Wasomali wengi wameliona hilo kuwa dharau, na ni vigumu kuwalaumu. Kwa upande wa pili, Kenya imeshambuliwa Westgate mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015 na Dusit mwaka 2019, na hakuna waziri wa usalama atakayeliweka jambo hilo kando kwa ajili ya itifaki. Kitakachosaidia ni vitambulisho vinavyoaminika. Somalia ilizindua kitambulisho cha taifa Septemba 2023 baada ya miongo mitatu bila mfumo wa usajili wa raia. Kadiri kitakavyoenea na kuweza kuhakikiwa na nchi nyingine, ndivyo hoja ya kuwazuia raia wake wote kwa jumla itakavyodhoofika.

Kuna hofu kwamba Wasomali wenye mitaji watanunua ardhi Tanzania na Uganda. Je, ni kweli?

Hapana. Itifaki ya Soko la Pamoja inasema wazi kwamba upatikanaji na matumizi ya ardhi vitasimamiwa na sera na sheria za kila nchi. Tanzania ilisimama kidete juu ya jambo hilo wakati wa majadiliano, na sheria yake bado hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji uliokubaliwa. Kujiunga kwa Somalia hakukubadilisha neno lolote hapo.

Je, Jumuiya itapeleka jeshi kupambana na Al-Shabaab?

Hakuna kifungu kinachoilazimisha kufanya hivyo. Majeshi ya nchi wanachama yamekuwa Somalia tangu zamani, lakini chini ya Umoja wa Afrika: Uganda iliingia Machi 2007 na Burundi ikafuata mwaka huo huo, huku Kenya ikivuka mpaka Oktoba 2011 kwa operesheni yake yenyewe kabla ya kujiunga na kikosi hicho. Kikosi hicho cha Umoja wa Afrika, kilichoitwa AMISOM, kikawa ATMIS mwaka 2022, kisha AUSSOM mwaka 2025.

Anayetarajia Jumuiya iwe ngao ya kijeshi aitazame Kongo. Miezi michache baada ya nchi hiyo kujiunga, kikosi cha Jumuiya kilipelekwa mashariki mwake Novemba 2022. Kinshasa ikalalamika kwamba hakikuwa kikipigana na waasi wa M23, ikakataa kuongeza muda, na kikaondoka Desemba 2023. Kongo na Rwanda, wote wanachama, zimefikishana hadi Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Uanachama unatoa ukumbi wa kuzungumza na kushtakiana, na hilo si dogo, lakini hausimamishi vita.

Mgogoro wa mpaka wa bahari kati ya Kenya na Somalia umeishia wapi?

Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa hukumu tarehe 12 Oktoba 2021 katika kesi iliyofunguliwa na Somalia mwaka 2014. Ilichora mstari uliozipa pande zote mbili sehemu ya eneo lililogombaniwa, lakini Somalia ikapata sehemu kubwa. Kenya ilikuwa imejitoa kwenye kesi na ikatangaza kutoitambua hukumu. Uanachama wa Jumuiya haukulitatua jambo hilo, wala wakuu wa nchi hawakulifanya sharti la kuikubali Somalia.

Somaliland iko ndani au nje?

Hapa majibu ni mawili, kutegemea unamuuliza nani. Kwa Jumuiya, iliyokubaliwa ni Jamhuri ya Shirikisho ya Somalia ndani ya mipaka yake inayotambuliwa kimataifa, na Hargeisa, mji mkuu wa Somaliland, imo. Kwa serikali ya Somaliland, iliyojitangazia uhuru tarehe 18 Mei 1991 na inayoendesha uchaguzi, sarafu na forodha zake yenyewe, mkataba uliotiwa saini Entebbe hauihusu. Kivitendo, shehena inayoshushwa katika bandari yake ya Berbera haitozwi ushuru wowote wa Arusha. Jumuiya haina nyenzo ya kulibadilisha hilo, na haijaonyesha hamu ya kuitafuta.

Somalia itatumia sarafu gani Umoja wa Fedha utakapoanza?

Itifaki ya Umoja wa Fedha ilitiwa saini Kampala tarehe 30 Novemba 2013 ikiwa na lengo la sarafu moja mwaka 2024. Mwaka huo umepita, na lengo linalotajwa sasa ni 2031. Masharti ya kuingia ni mfumuko wa bei usiozidi asilimia 8, nakisi ya bajeti isiyozidi asilimia 3 ya pato la taifa pamoja na misaada, deni la umma lisilozidi asilimia 50 ya pato la taifa kwa thamani ya sasa, na akiba ya fedha za kigeni ya kutosha miezi 4.5 ya uagizaji.

Kichekesho ni kwamba, baada ya kusamehewa, deni la nje la Somalia lilishuka kutoka asilimia 64 ya pato la taifa mwaka 2018 hadi chini ya asilimia 6, ilhali Kenya, yenye uchumi mkubwa kuliko wote katika Jumuiya, iko juu ya kikomo cha asilimia 50. Lakini Somalia haina sarafu yake ya kuunganisha: Benki Kuu haijachapisha shilingi rasmi tangu 1991, noti nyingi zilizobaki mikononi ni za bandia, na watu wanalipana kwa dola kupitia simu, hata kununua kikombe cha chai.

Lugha haitakuwa tatizo?

Itasumbua katika vikao zaidi kuliko sokoni. Mkataba uliweka Kiingereza kuwa lugha rasmi na kutaka Kiswahili kikuzwe kuwa lugha ya mawasiliano ya watu wote wa ukanda. Somalia inatumia Kisomali na Kiarabu. Hata hivyo Kiswahili si mgeni huko: Wabajuni wa Kismayu na visiwa vyake wanazungumza Kibajuni, wenyeji wa Barawa wana Chimwini, na maelfu ya Wasomali waliokulia Nairobi, Mombasa na kambi za Dadaab wamerudi nyumbani na Kiswahili chao. Serikali ikiwataka walimu wa lugha hiyo haitalazimika kwenda mbali.

Somalia inalipa kiasi gani, na ina wabunge wangapi?

Kwa muda mrefu kila nchi imetakiwa kuchangia kiasi sawa, takriban dola milioni 7 kwa mwaka, bila kujali ukubwa wa uchumi wake. Malimbikizo ya madeni ya wanachama ni ugonjwa wa zamani wa Jumuiya. Vikao vya Bunge la Afrika Mashariki vimewahi kusimama kwa kukosa fedha. Kila nchi ina wabunge tisa wa kuchaguliwa, wanaochaguliwa na bunge la nchi yao lakini wasiotoka miongoni mwa wabunge wenyewe.

Je, Somalia haina jumuiya nyingi mno tayari?

Ni mwanachama mwanzilishi wa IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, imo katika Umoja wa Nchi za Kiarabu tangu 1974, na ilijiunga na COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2018. Haiko peke yake: Tanzania na Kongo zimo SADC, jumuiya ya maendeleo ya kusini mwa Afrika, na Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zimo COMESA. Mgongano wa kweli hutokea pale tu nchi inapotakiwa kutumia viwango viwili vya pamoja vya ushuru wa nje, na kwa sasa Somalia haijatumia hata kimoja.

Ikibadili mawazo, inaweza kujitoa?

Inaweza. Ibara ya 145 ya Mkataba wa Jumuiya inataka azimio la bunge lake linaloungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote, na notisi ya maandishi ya miezi 12 kwa Katibu Mkuu. Katika miezi hiyo 12 wajibu wake wote unaendelea, ikiwa ni pamoja na michango inayodaiwa. Tangu Jumuiya ya sasa ianze mwaka 2000, hakuna nchi iliyojitoa.